Gari limekaguliwa; dereva je?

Kuna ugonjwa mmoja ambao haumo katika vitabu vya udaktari. Humpata mwanamume, na siku hizi mwanamke pia, akishapita umri wa miaka 40 na kumaliza kulipa karo ya kifungua mimba. Dalili yake kuu ni kununua gari la kasi. Huenda likawa Subaru Impreza lililotumika Japani, au Mazda MX-5 lenye viti viwili, au Porsche kwa aliyejaliwa. Kwa mwaka mzima mwenyewe hulipeleka kazini kwa mwendo wa konokono katika msongamano wa Barabara ya Waiyaki. Kisha mwenzake humnong'oneza kwamba kuna siku maalumu ambapo mtu anaweza kuliendesha gari lake mwenyewe kwa kasi aitakayo, pasipo matatu, bodaboda wala askari wa trafiki.

Siku kama hiyo si mashindano. Uingereza, Ujerumani na Afrika Kusini imekuwa desturi ya kawaida: mwenye gari hulipa ada na kuingia katika uwanja uleule wanaoutumia mabingwa, kama vile Silverstone, Kyalami au Nürburgring, ambao njia yake ya kaskazini ina urefu wa kilomita 20.8. Aghalabu madereva hugawanywa makundi, kila kundi likizunguka kwa dakika 15 au 20 kisha likipisha jingine. Kumpita mwenzako huruhusiwa mahali palipotajwa tu. Hapa kwetu, katika nchi ambayo Safari Rally ilianza mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, hamu ya jambo hili si haba. Wako wanaoitimiza kwenye barabara zinazofungwa kwa muda, na wako wanaosafiri ng'ambo.

Mimi si adui wa starehe hii. Afadhali mtu akimbize gari mahali palipotengwa kuliko Thika Road saa saba za usiku. Lakini kuna jambo linalonikera kama daktari.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, gari hupelekwa kwa fundi. Breki hufunguliwa, matairi hutazamwa, oili hubadilishwa. Mafuta ya breki ya zamani humwagwa, kwa kuwa hunyonya unyevu na kupoteza uwezo wa kuhimili joto: yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Yakichemka, pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Mwenye gari anayajua haya yote barabara. Muulize presha yake ya damu ni ngapi, atakukodolea macho.

Wala hakuna atakayemuuliza. Anayetaka leseni ya kushiriki mbio rasmi hutakiwa kuwa na cheti cha daktari. Anayekwenda kujifurahisha kwa siku moja aghalabu huonyesha leseni yake ya kawaida, husikiliza maelezo ya asubuhi, na kutia sahihi karatasi inayosema kwamba lolote litakalompata ni shauri yake.

MOYO HAUJUI KWAMBA UMEKAA

Watu wengi hudhani kuendesha gari ni kukaa tu. Hata hivyo, madereva wa mbio waliowahi kufungwa vyombo vya kupimia moyo wamekutwa na mapigo kati ya 150 na 180 kwa dakika. Hayo ni mapigo ya mtu anayepanda mlima mbio, ilhali huyu amekaa kitini. Sehemu yake yatokana na kazi yenyewe: kukanyaga breki kwa nguvu, kuushikilia usukani, kukizuia kichwa kisiyumbe. Sehemu yatokana na joto. Inayobaki, nayo si ndogo, ni adrenalini, ile homoni inayomwagika mtu anapoogopa au kusisimka.

Isitoshe, misuli inayobana bila kusogea, kama ya mikono inayoukaba usukani, hupandisha presha kwa ghafla. Mgeni uwanjani huukaba usukani kama aliyeshika kamba kisimani. Tena huzuia pumzi kila anapoingia kona bila kujua. Akitoka huko vidole vina ganzi na kichwa chepesi, naye adhani ni furaha.

Kijana mwenye afya njema atavumilia hayo. Lakini wenye fedha za kununua magari haya aghalabu si vijana. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao.

Mgonjwa mmoja wa miaka 46 alinijia akitaka barua tu. Mkewe alikuwa amekataa katakata aende uwanjani bila barua ya daktari. Hakuwa na maumivu popote. Presha yake ilikuwa 172 kwa 108. Nikampumzisha nusu saa, ikawa 168 kwa 106. Alisema ni sababu ya foleni ya magari. Nilimwita siku nyingine mbili, na zote mbili haikushuka chini ya 160. Barua sikuandika. Alikasirika, na sikumlaumu, kwa kuwa matairi manne mapya yalikuwa yamekwisha kununuliwa. Sasa anameza tembe na kutembea kwa miguu kila jioni, na presha inaanza kushuka. Matairi yangali mapya.

Msomaji anayepanga siku ya namna hii na amwone daktari wiki tatu au nne kabla, ili uwepo wakati wa kutibu kitakachoonekana. Apimwe presha na sukari. Ikiwa anavuta sigara, au baba au ndugu yake alipatwa na mshtuko wa moyo mapema, apimwe pia umeme wa moyo. Lakini karatasi safi ya umeme wa moyo si kinga, kwani hupigwa mtu akiwa amelala. Huenda daktari akataka kuutazama moyo ukifanya kazi kwenye mashine ya kutembelea. Anayebanwa na kifua akipanda ngazi asiende kabisa. Kadhalika aliyewahi kuzimia bila sababu kujulikana, na mwenye kifafa. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kila kabla ya kuingia, kwa maana dalili za sukari kushuka, yaani jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio, ni zilezile za msisimko. Na asitokee mtu akaacha tembe zake za presha siku hiyo eti ili awe macho.

JOTO

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023, katika mbio za Formula 1 nchini Qatar, madereva walioandaliwa kwa miaka mingi kuhimili joto walielemewa. Logan Sargeant, aliyekuwa mgonjwa siku za nyuma yake, aliacha mbio njiani. Esteban Ocon alitapika ndani ya helmeti yake. Hao ni watu wanaofanya mazoezi kila siku na kuzungukwa na madaktari.

Sasa mfikirie mhasibu wa Nairobi. Amefunga helmeti, amezima kipoza hewa ili injini ipate nguvu zake zote, na pengine fundi amemshauri awashe hita ili kuitoa injini joto. Mtu wa kilo 80 akipoteza kilo 1.6 kwa jasho, hiyo ni asilimia mbili ya uzani wake, na kwenye kiwango hicho umakini huanza kupungua. Yeye hahisi kwamba umepungua. Anachoona ni kwamba kona aliyoiweza asubuhi sasa inamshinda, naye huongeza kasi ili kujithibitishia.

Basi anza kunywa maji tangu jana yake, wala usingoje kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hujanywa vya kutosha. Bia ya usiku wa kuamkia siku hiyo iache. Adhuhuri, nyama choma na ugali wa kushiba ni mwaliko wa usingizi. Ndizi, mkate na matunda vyatosha. Vaa pamba ya mikono mirefu. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi, na vidonda vyake ni taabu kuvisafisha.

SHINGO NA MSHIPI

Kichwa cha mtu mzima kina uzani wa kilo tano hivi, na helmeti huongeza moja na nusu. Matairi mazuri ya kawaida yaweza kulishika gari kwenye kona hata shingo ikabeba pembeni mzigo unaokaribia uzani huo wote, mara mia kwa siku. Ndiyo maana Jumatatu watu hushindwa kugeuza kichwa. Hilo hupona.

Ajali ni jambo jingine. Nguvu ya mgongano haiongezeki sambamba na kasi. Gari linalokwenda kilomita 155 kwa saa hubeba nguvu karibu maradufu ya lile la kilomita 110. Mwili uliofungwa husimama pamoja na kiti, kichwa kikaendelea mbele. Dale Earnhardt wa Marekani alifariki hivyo huko Daytona mwezi wa Februari 2001, akiwa amevunjika mfupa wa kitako cha fuvu. Kifaa cha kukizuia kichwa kisitupwe mbele, kiitwacho HANS, kilikuwa kimekwisha kubuniwa miaka ya 1980 na Robert Hubbard, mtaalamu wa ufundi wa mwili, lakini wengi walikidharau. Formula 1 ilikilazimisha kuanzia mwaka 2003.

Wapenzi wa magari hukosea hapa kwa namna ya pekee: huboresha nusu. Mtu hung'oa mshipi wa kawaida akafunga mikanda minne ya mbio, inayombana kitini kama mtoto mgongoni mwa mama yake. Mkanda wa kupita katikati ya miguu hana, hivyo akigonga hutelezea chini ya mshipi wa kiunoni, nao humkata tumbo. Hana nguzo za chuma chini ya paa, kwa hiyo gari likipinduka na paa kubonyea, hawezi kuinama. Uti wa mgongo ndio unaopokea. Wala hana HANS. Ikiwa huwezi kufunga vyote, bakia na mshipi wa kiwandani na mfuko wake wa hewa, ambavyo vilibuniwa pamoja. Kaa kifua kikiwa angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani, na mgongo umegusa kiti.

Helmeti ya pikipiki si sawa na ya gari, kwa kuwa ya gari hupimwa pia kwa moto. Ile iliyowahi kugonga kitu kwa nguvu, itupe hata kama haina ufa.

UKIGONGA KICHWA

Hata kama gari limeserereka tu likagusa ukuta wa matairi, ukiona kizunguzungu, ukasahau raundi iliyopita, au mwenzako akaona unajibu polepole, siku yako imekwisha. Usirudi baada ya saa moja kwa sababu unajisikia nafuu. Ubongo uliotikiswa mara moja huumia vibaya zaidi ukitikiswa tena kabla haujapona. Usiku huo usilale peke yako nyumbani. Kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, kuchanganyikiwa au degedege ni safari ya hospitali mara moja, si ya kungojea asubuhi.

Maumivu ya kifua nayo, yawe yanashuka mkononi au la, mwambie mhudumu wa kwanza utakayemwona. Wengi huona aibu mbele ya marafiki, wakaenda kukaa ndani ya gari peke yao.

Halafu kuna safari ya kurudi nyumbani, ambayo watu huisahau. Macho yaliyozoea mwendo mkubwa siku nzima hudanganya: kilomita 100 kwa saa huonekana kama 60. Adrenalini imeisha, mwili umekauka, na matairi yaliyopunguzwa upepo yakiwa moto sasa yamepoa na yako chini ya kiwango. Barabara ya Mombasa jioni ina malori, watembea kwa miguu na mbuzi, na hakuna bendera ya manjano. Jaza matairi upepo, kunywa lita moja ya maji, kula, pumzika saa nzima, kisha mpe funguo mtu ambaye hakuingia uwanjani.