Mali Bila Daftari: Kuhama Chuo Huko Marekani

Kwetu pwani, neno “chuo” lilikuwa na maana ya pale alipoketi mwalimu na watoto wakasomeshwa Kurani. Na aliyepanda juu akahitimisha kitabu kwa shehe mmoja, akahamia kwa mwingine, hakurudishwa kwenye alifu. Shehe mpya alimsikiliza, akaitazama ijaza yake, akajua kimesomwa kitabu gani na kwa nani, kisha wakaendelea mbele. Ilimu ilimfuata mwenyewe.

Kuna kijana wa mtaa wetu hapa Mombasa aliyekwenda Marekani. Alisoma miaka miwili katika chuo cha jamii, akafaulu, akaomba kuhamia chuo kikuu, akapokelewa. Baadaye ikaja barua: katika masomo yake 20, masomo 8 hayahesabiki katika shahada aitakayo. Mama yake aliniletea barua ile nimsomee. Alipofahamu maana yake aliuliza neno moja tu: “Sasa niuze nini tena, ndugu yangu?” Kiwanja kilikwisha uzwa safari ya kwanza.

Vyuo hivyo vya jamii si vitu vipya. Kile cha Joliet, jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901, na leo California peke yake ina vyuo 116. Mtu husoma miaka miwili kwa ada ndogo kuliko ya chuo kikuu, kisha huhamia huko kumaliza miwili iliyobaki. Ila wasomaji wajue kwamba unafuu huo wa ada ni wa wenyeji kwanza. Mgeni hulipa zaidi.

Masomo yao hupimwa kwa krediti. Shahada ya kwanza kwa kawaida huwa krediti 120, na chuo cha jamii hutoa 60. Kwa hesabu ya karatasi, nusu na nusu ni nzima. Lakini mizani imo mkononi mwa mpokeaji. Chuo kikuu ndicho kinachoamua somo gani ni sawa na lake. Tena somo laweza kupokelewa, kisha likawekwa kando kama la ziada, lisimpunguzie mwanafunzi hata muhula mmoja.

Hasara hiyo si ya wageni tu. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti zao. California ilipitisha sheria mwaka 2010: anayehitimu shahada ndogo ya kuhamia hupata nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya CSU, wala hatakiwi zaidi ya krediti 60 nyingine. Hata hivyo, nafasi hiyo si lazima iwe katika chuo akipendacho.

Kijana wetu aliwaendea walimu wake wa kwanza, akaomba muhtasari wa kila somo, akaupeleka idara kwa idara. Masomo 3 yakakubaliwa. Masomo 5 yakapotea, pamoja na ada yake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ilimu siku hizi imekuwa mali ya daftari. Basi mwanafunzi na ajue mwisho wa safari kabla ya somo la kwanza. Na akiulize chuo kikuu anachokitaka, kwa maandishi, masomo gani kitayahesabu katika shahada yake. Muhtasari wa kila somo autunze kama hati ya nyumba. Na aliye mgeni ahakikishe kwamba chuo cha kwanza kimezikabidhi kumbukumbu zake za uhamiaji, na kwamba chuo kipya kimempa fomu mpya ya I-20, asije akapoteza ruhusa ya kukaa nchini.

Nanyi wazazi, takeni kuyaona majibu hayo kwa macho yenu kabla kiwanja hakijauzwa.