Mgagani, Gugu Lililo Mboga

Katika soko la Sondu, wanapokutana Wajaluo na Wakipsigis, huuzwa mboga moja yenye majina mengi. Muuzaji atokaye upande wa ziwa huiita dek au akeyo. Atokaye upande wa Kericho huiita isagek. Na kwa Kiswahili ndiyo mgagani. Jani lake limegawanyika mfano wa vidole, aghalabu vitano. Ua lake ni jeupe au la zambarau hafifu, na harufu yake ni kali, wala mgeni haipendi. Hata kupe hawaipendi: uchunguzi uliofanywa Kenya na kutangazwa mwaka 1992 ulionyesha kuwa kupe huukimbia mmea huu.

Zamani mgagani ulijiotea penye samadi, mahali palipokuwa zizi la ng'ombe. Mahindi yalipoanza kulimwa kwa safu, ukahesabiwa kuwa gugu na kung'olewa, na kabichi na sukuma wiki zikashika mahali pake. Hasara hiyo haikuwa ndogo, kwa maana majani yake yana vitamini A na madini ya chuma, nayo huchumwa yapata majuma 6 baada ya kupandwa, wakati mahindi yangali machanga na ghala ni tupu.

Wengi waliojaribu kuupanda bustanini walikata tamaa, wakidhani wameuziwa mbegu mbovu. Kumbe kosa lilikuwa haraka. Mbegu mpya hulala. Haziamki vizuri mpaka zimekaa mahali pakavu kwa miezi 5 hivi. Kwa hiyo mbegu za mwaka huu yafaa zingojee mvua za mwaka ujao. Tena ni ndogo mno, basi huchanganywa na mchanga mkavu ndipo zikamwagwa katika mifereji, na kufunikwa kwa udongo kidogo, kwa kuwa mwanga huzizuia kuota. Ua likichomoza, na likatwe upesi ili majani yazidi. Lakini miche michache iliyo bora iachwe itoe mbegu, kabla jamaa ya nyumbani hawajaimaliza yote kwa ugali.

Uchungu wake huwashinda watoto. Dawa yake akina mama wa Kijaluo waijua tangu zamani: mboga huchemshwa, hutiwa maziwa, ikaachwa chunguni hata kesho yake, kisha hupashwa moto na kuongezwa maziwa tena. Siku ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza.