M31, anwani ya Kinyakyusa

Lugha inayopigiwa bei ya ndizi pale Ibighi ina namba kwenye vitabu vya isimu: M31. Ni kazi ya Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezigawa lugha za Kibantu katika kanda za herufi mwaka 1948. Kisafwa kipo M25, Kiswahili G42, na Kikinga cha kule ng'ambo ya milima ya Livingstone ni G65.

Watu huzisoma namba hizo kama ukoo, kwamba Kinyakyusa na Kisafwa wamenyonya ziwa moja, na Kikinga ni ndugu wa Kiswahili. Sivyo. Guthrie aliangalia zaidi nani anakaa jirani na nani, kama posta. Undugu hutafutwa kwingine, kwenye sauti.

Sisi tunasema mvua, Mnyakyusa anasema ifula. Njia kwake ni injila, kulia ni ukulila. Kiswahili kimemeza l ya silabi ya mwisho, neno baada ya neno, na mfuatano wa namna hiyo hautokei kwa bahati: babu ni mmoja. Ila babu mmoja hajakuonyesha tawi. Kinyakyusa kina irabu saba, na huo ni urithi wa Kibantu cha kale. Kindali, jirani yake wa Ileje, kimebaki na tano, kama Kiswahili. Je, Kindali na Kiswahili ndio ndugu wa karibu? Hata kidogo. Irabu hupungua mahali pengi, kila lugha kwa wakati wake. Mimi hapo ndipo naona ugumu wa kazi hii: tawi huthibitishwa na badiliko lililofanywa pamoja, na mabadiliko mengine hufanana bila watu kukutana.

Ulaya wanabishana vivyo hivyo kuhusu lugha za Kikelti. Nne kwa Kiayalandi ni ceathair, kwa Kiwelisi pedwar. Sauti ya kale ya kw imekuwa k huku, p kule. Kigaulo, kilichokufa zamani huko Ufaransa, nacho kilikuwa na p. Wapo wanaokiweka tawi moja na Kiwelisi kwa sababu hiyo. Wengine wanasema p ilizuka mara mbili, na Kiwelisi ni ndugu wa Kiayalandi, wa visiwani wote.

Kinyakyusa chenyewe kilishawahi kutoa ushahidi mkubwa. Mjerumani Carl Meinhof alikitumia, kwa jina la Konde, katika kitabu chake cha 1899 cha kutafuta sauti za Kibantu cha kale. Jina hilo ni lile lile la Wangonde wa Karonga. Mtu wa Kyela akivuka Songwe kwenda kwao hahitaji mkalimani, na Guthrie aliwaweka kwenye namba moja. Lakini mto huo ulifanywa mpaka wa Wajerumani na Waingereza katika mkataba wa 1890, na ng'ambo ile lugha inaitwa Kyangonde.