Kile Unachojipaka Ngozini Kinakwenda Wapi?

Pita siku moja Birere, ama kwenye soko lo lote la Goma, utazame meza za wenye kuuza mafuta ya kujipaka. Utaona tyubu zenye picha za wanawake weupe, chupa zilizoandikwa Kifaransa na Kiingereza, na pia vibeseni vya mchanganyiko usio na jina la kiwanda, ule watu wanaouita mukorogo. Mama muuzaji atakuambia: "Jipake hii juma mbili tu, utatakata." Na kweli utatakata. Kuhusu rangi hakudanganyi. Jambo asilokuambia, pengine kwa kuwa naye hakuambiwa, ni kwamba dawa zilizomo hazibaki juu ya ngozi. Zinaingia ndani, zinafika katika damu, na damu inazipeleka kwenye figo. Kama una mimba, zinaweza kumfikia mtoto.

"Lakini ngozi si imefungwa? Mvua inaninyeshea kila siku, mbona sijai maji?" Vijana huuliza hivyo, na ni swali zuri.

Ukuta wa mawe na sementi

Sisi watu wa Goma tunajua kujenga kwa mawe ya volkano. Fundi anapanga jiwe juu ya jiwe, na katikati anaweka sementi. Mawe peke yake hayazuii upepo. Ni sementi inayoziba. Tabaka la juu kabisa la ngozi yako limejengwa namna hiyohiyo. Mawe ni chembe zilizokwisha kufa, bapa na kavu. Sementi ni mafuta ambayo mwili wenyewe unayatengeneza. Ukuta huo, sehemu nyingi za mwili, ni mwembamba kuliko karatasi unayosoma sasa, lakini ndio unaozuia maji ya mwili yasikauke na vijidudu visiingie. Kila mwezi hivi ngozi hiyo ya juu inakuwa imejengwa upya, bila wewe kulipa fundi.

Sasa angalia vizuri: sementi hii ni mafuta. Maji ya mvua hayapiti kwa urahisi, lakini kitu chenye chembe ndogo sana na kinachoyeyuka katika mafuta kinajipenyeza polepole kati ya mawe. Waganga wanajua hivyo, ndiyo maana kuna dawa zinazobandikwa ngozini kama plasta ili ziingie mwilini.

Tena ukuta haulingani mahali pote. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, waliandika vipimo vyao. Walipaka dawa ileile sehemu mbalimbali za mwili, kisha wakapima kiasi kilichoingia. Walilinganisha na mkono, kati ya kiwiko na kiganja. Kwenye paji la uso iliingia mara 6 zaidi. Kwenye taya, mara 13. Kwenye korodani za mwanamume, mara 42! Lakini kwenye wayo iliingia kidogo sana. Basi fikiri mwenyewe: mtu anayejichubua anaanzia wapi? Anaanzia usoni, mahali ambapo ukuta ni dhaifu. Halafu anajipaka asubuhi na jioni, mwili mzima, miaka na miaka.

Mambo yaliyoonekana Nairobi

Zebaki, ile ambayo kwenye machimbo inaitwa mercure, imetiwa pia katika sabuni na krimu za kujichubua, kwa sababu chumvi zake zinazuia ngozi isitengeneze rangi yake. Mwaka 1972 waganga wa Nairobi walitoa habari za wagonjwa wazima 60 ambao figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Mtu wa ugonjwa huo anavimba uso na miguu, na mkojo wake unafanya povu. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanatumia krimu za kujitakatisha zenye zebaki. Walitafuta ugonjwa ndani ya tumbo, kumbe mlango ulikuwa usoni. Baadhi yao walipata nafuu walipoacha krimu.

Ulaya ilikataza zebaki katika vipodozi vyake mwaka 1976. Lakini sabuni hizo ziliendelea kutengenezwa kule kwa miaka mingi, kwa kuuzwa kwetu Afrika. Uamuzi huo msomaji aupime mwenyewe. Mwaka 2023 huko Geneva, nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki.

Na usiseme, "Ni ngozi yangu, haiwahusu." Mwaka 2010, huko California na Virginia, zebaki ilikutwa hata kwa watu wa nyumbani wasiojipaka krimu, watoto wakiwemo. Inashika taulo na mashuka, na inapanda hewani. Mtoto mchanga, kwa kila kilo ya uzito wake, ana ngozi mara mbili na zaidi kuliko wewe. Mama anayemkumbatia akiwa amejipaka anampaka naye.

Dawa nyingine mbili

Hidrokinoni, hydroquinone kama inavyoandikwa kwenye tyubu, inatakatisha kwanza, kisha baada ya miaka inaweza kuleta madoa meusi-buluu mashavuni ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Madoa hayo yalielezwa na mganga wa Afrika ya Kusini mwaka 1975. Mtu anaona doa, anaongeza dawa, na doa linazidi. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuikamata madukani mwishoni mwa mwaka 2018.

Ya pili ni kortikoidi, hasa clobétasol. Hii ni dawa ya kweli. Muganga anaitoa kwa ugonjwa wa ngozi, kidogo, siku chache, mahali padogo. Ukijipaka mwili mzima kwa miezi, inaula ukuta wenyewe. Ngozi inakuwa laini kama ya ndani ya yai, inapasuka mistari, na ukuta ulioliwa unapitisha zaidi yale unayopaka kesho. Vidonda havifungi. Waganga wanaopasua wanaijua ngozi hiyo: wanashona, nyuzi zinakata nyama. Mama anayekwenda kujifungua kwa operesheni akiwa na ngozi ya namna hiyo yuko katika hatari.

Na ninyi wa machimbo

Mchimbaji wa dhahabu atasema: "Mimi nashika zebaki kwa mikono kila siku, na sijaugua." Ana sehemu ya ukweli. Zebaki ile ya majimaji inapita kidogo tu katika ngozi nzima na ngumu ya kiganja. Hatari yake kubwa ni moshi. Unapochoma dhahabu, mvuke unaingia kwa pua, na karibu asilimia 80 ya ule unaovutwa inabaki mwilini. Basi usichomee nyumbani, wala kwenye sufuria ya jikoni, wala karibu na mama mwenye mimba. Na kabla ya kushika ugali, nawa.

Lakini mikono ya mchimbaji ni mizima kweli? Jiwe linakata, chepeo inachubua. Hapo ukuta umebomoka, na hata vijidudu vinapita. Mpox ya aina mpya ilijulikana kwanza Kamituga, mji wa dhahabu, mwaka 2023, na mwaka 2024 ikafika Goma. Inapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na ngozi iliyochanika inairahisishia njia. Funika kidonda kabla ya kushuka shimoni.

Kama umekwisha kuanza

Dada, hakuna wa kukucheka hapa. Wengi walianza kwa sababu ya maneno ya bwana, au ya shangazi siku ya harusi. Krimu ya zebaki na ile ya hidrokinoni, acha leo. Krimu ya clobétasol, kama umeitumia mwili mzima kwa miezi mingi, usiikate kwa ghafula: tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, na mtu anaweza kuanguka, hasa akiwa na homa au akipasuliwa. Nenda kwenye kituo cha afya, wakupangie namna ya kupunguza. Kaa mbali na jua kali la saa sita, jifunike kitambaa au mwavuli. Ukiwa na mimba, mwambie mkunga mapema, usingoje siku ya kisu. Na tyubu ile, hata ikiwa tupu, usiitupe kwanza. Ichukue mkononi uende nayo, ili muganga asome mwenyewe yaliyoandikwa nyuma.