Mpira Mdogo Unaoruka Juu ya Maneno

Mwezi huu tunaongea juu ya sinema. Siyo zile za kupigana ambazo watoto wanazikimbilia kwenye vibanda vya video, hapana. Ni sinema fupi za zamani, ambazo waimbaji wake walikuwa ni watazamaji wenyewe.

Nianze na habari ya nyumbani kwangu. Kabla ya mwaka 2023, serikali ilipoagiza wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, tulikuwa tunakaa Chilinde, Lilongwe. Jirani yetu alikuwa na deki ya VCD na kanda moja ya kwaya. Wimbo ukianza, maneno yanatokea chini ya picha, na kila neno linageuka rangi wakati wa kuliimba. Mama mkubwa wangu, ambaye shule hakuikanyaga hata siku moja, alizijua nyimbo zile zote kwa kichwa. Kila jioni alikuwa anakaa mbele kabisa, anaimba, macho kwenye maneno. Sisi tulidhani anafurahia muziki tu.

Zamani mama huyo aliwahi kupitwa na siku yake ya kupokea chakula. Orodha ilibandikwa ukutani, akamwomba mtoto amsomee, mtoto akasoma mstari wa mtu mwingine. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akakaa kimya mpaka usiku. Basi baada ya miezi mingi ya zile nyimbo, siku moja tukiwa njiani alisimama mbele ya kibao cha duka, akanyoosha kidole: “Hii si ndiyo ile ‘amani’ ya kwenye wimbo?” Kumbe ndiyo! Duka lilikuwa linaitwa Amani.

Tangu hapo nikataka kujua, jambo hili la maneno na wimbo lilitoka wapi?

Lilianza zamani sana. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1890, kwenye kumbi za maonyesho walikuwa wanaonyesha picha za vioo ukutani, mwimbaji anaimba, na watu wote wanaitikia kiitikio. Halafu mwaka 1924, ndugu wawili wa New York, Max na Dave Fleischer, wakaanza kutengeneza katuni fupi za kuimba. Max mwenyewe alizaliwa Kraków, Poland, mwaka 1883, akaletwa Marekani na wazazi wake akiwa bado mdogo. Naye alikuwa mtoto wa wahamiaji, kama watoto wetu.

Katuni zao zilikuwa hivi: kwanza mchoro wa kuchekesha, kisha maneno ya wimbo unaojulikana na watu wote. Juu ya maneno unaruka mpira mdogo mweupe, neno kwa neno, kufuatana na mdundo. Mpira ukikaa muda mrefu juu ya neno, na wewe unalivuta. Ukiruka haraka, unaharakisha. Na huo mpira haukuwa mashine ya ajabu. Ulifungwa kwenye ncha ya fimbo, mtu anaucheza kwa mkono huku anapigwa picha, na mkono wenyewe umefichwa kwenye giza usionekane.

Wakati ule filamu nyingi zilikuwa hazina sauti, mpiga kinanda wa ukumbi ndiye aliyeongoza. Mwaka 1926 walitoa moja yenye sauti, ambamo mbwa wa katuni anawaambia watu waufuate mpira na waimbe wote. Kuanzia 1929 hadi 1938 wakaendelea na nyingine nyingi zenye sauti. Miaka ile New York ilikuwa imejaa watu waliotoka Italia, Poland na Urusi, na Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya ugenini. Ndani ya ukumbi wenye giza, hakuna anayekucheka ukikosea neno. Unaimba na wenzako.

Na kwetu huku je? Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mpango wa filamu uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika. Lori lake lilibeba mashine ya sinema likazunguka nchi kadhaa, pamoja na Nyasaland, ambayo leo ni hii Malawi tunayoishi. Lakini zile zilikuwa sinema za kufundisha kilimo na usafi: watu wanakaa, wanaambiwa. Kuimba kulikuja kwa njia nyingine. Miaka ya 1950 watu wa Unguja walizipenda sana filamu za Kihindi kama *Awaara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Lugha hawaielewi, lakini nyimbo wanazo mdomoni, na vikundi vya taarabu vikachukua sauti za nyimbo kama hizo vikazitilia maneno ya Kiswahili.

Sasa sikilizeni jambo la faida. Huko India mtafiti mmoja, Brij Kothari, aliwaza mwaka 1996: watu wengi hawajui kusoma vizuri, lakini nyimbo za sinema wanazijua. Kwa nini tusiandike maneno ya wimbo chini ya picha, kwa lugha ileile inayoimbwa? Mwaka 1999 jambo hilo likaingia kwenye televisheni ya jimbo la Gujarat, baadaye likaenea. Akili yake ni rahisi: mdomo umeshalijua neno, jicho linalikuta palepale linapotamkwa.

Nyumbani hatuhitaji televisheni. Chukua katoni, andika ubeti mmoja wa wimbo unaojulikana na familia, herufi kubwa, silabi ziachane kidogo: a-ma-ni. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana kinasomwa jinsi kinavyoandikwa. Chukua kijiti, funga kitambaa cheupe kwenye ncha, huo ndio mpira wako. Mmoja aruke nao juu ya silabi, wengine waimbe. Taratibu, msikimbie.

Ila tusidanganyane. Mtoto anaweza kuimba ubeti wote na asisome hata neno moja, amekariri tu. Kwa hiyo mkimaliza, nyamazeni. Mwoneshe neno la katikati, mwulize: hili ni lipi? Akishindwa, mrudi kwenye wimbo mpaka mlifikie. Wiki ijayo andikeni maneno yaleyale kwa mpango mwingine. Na darasa la watu wazima lisiachwe. Wimbo unafungua mlango, lakini nyumba inajengwa darasani.

Mama mkubwa hasomi gazeti, sitawaongopea. Lakini siku za orodha anatangulia mwenyewe, anapitisha kidole polepole, midomo inacheza kama anaimba. Akilifikia jina lake anagonga ukuta mara moja, halafu anawauliza wanawake walio nyuma yake: “Na wewe unaitwa nani, mama? Ngoja nikutafutie.”