Mtoto Aliyekataa Kijiko

Katika nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Tanga hadi Kilwa na kuvuka kwenda Unguja, mtoto anayefumba mdomo wakati wa uji hawi shauri la mama yake peke yake. Bibi atauliza kama choo ni cha kawaida. Mama mkwe atataka kujua ni nani aliyempakata jana akamsifia unene bila kusema mashaallah. Jirani ataigusia kwa sauti ya chini habari ya kubemenda, kwa kuwa hiyo ni tuhuma juu ya ndoa ya watu. Kila mmoja ana sababu yake na kila sababu ina dawa yake, hirizi au kombe au mafusho. Mtoto mwenyewe haangaliwi, ilhali jibu analo mkononi: anaudaka mkono wa mama, anamnyang'anya kijiko, anachovya vidole bakulini. Hajakataa chakula. Amekataa kulishwa.

Wazee wa pwani walilijua hilo, ingawa sikumbuki kumsikia yeyote akilieleza. Lilikuwa ndani ya sinia. Familia ikikaa mkekani, mtoto aliyeanza kukaa huwekwa mapajani mwa bibi, naye bibi humchambulia samaki akitafuta miba kwa ncha za vidole, akaichanganya ile nyama na wali uliolowa tui, akafinya kitonge kidogo. Kitonge cha kwanza humtia mdomoni. Vinavyofuata huviweka ukingoni mwa sinia, mbele ya mtoto, kisha huendelea na mazungumzo yake. Mtoto hunyakua kimoja, hukiponda, nusu huishia kifuani na nusu mdomoni. Hakuna anayempigia makofi wala anayemkemea kwa kumwaga. Neno pekee atakalosikia ni la adabu: "Mkono wa kulia, mume wangu," bibi akimtania mjukuu wake wa kiume kama ilivyo desturi. Na kwa kuwa kaka, dada na shangazi wote wanakula kwa mkono kutoka chombo kimoja, mtoto ana wa kuwaiga.

Hayo ndiyo mafunzo ya chakula cha kushika ambayo leo wazazi wa mjini huyatafuta kana kwamba ni jambo geni. Vyakula vyenyewe havijawahi kukosekana jikoni kwetu: kiazi kitamu, boga lililoiva hadi kulainika, muhogo wa kuchemsha uliotolewa kamba zake, ndizi mbivu, papai, parachichi. Kipande kiwe kirefu kama kidole cha mtu mzima, ili mtoto akikikamata kwa kiganja kizima kibaki cha kutafuna. Kuokota punje moja moja kwa kidole gumba na cha shahada huja baadaye, kwenye miezi 8 hadi 10. Kipimo cha ulaini ni kukibonyeza kwa vidole viwili: kisipopondeka, kirudi jikoni.

Sitaki kuipamba mila kuliko inavyostahili. Kuna desturi nyingine, nayo si ya leo: mtoto hulazwa mapajani, mikono ikabanwa, pua ikafinywa, uji ukamiminwa kwa kiganja ili alazimike kumeza apate kuvuta pumzi. Uji huo unaweza kuingia njia ya hewa. Asipodhurika, anabaki akilia kila aonapo bakuli, kabla halijamfikia. Maisha ya mjini yameizidishia nguvu tabia hiyo. Mama aliyeajiriwa Tanzania ana likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kisha mtoto huachwa na dada wa kazi ambaye amekabidhiwa chupa ya uji na maagizo kwamba iishe. Chupa itaisha, kwa simu yenye katuni au kwa nguvu. Na uji wenyewe mara nyingi ni maji tupu, ilhali unapaswa kuwa mzito kiasi cha kutulia kwenye kijiko, maana tumbo la mtoto ni dogo na maji hulijaza bila kumlisha.

Linaloniumiza zaidi ni wembe. Mtoto akikohoa usiku, akatapika na kukataa ziwa, huambiwa kimeo kimerefuka, akapelekwa kukatwa. Wapo waliovuja damu nyingi, na wapo waliopata pepopunda. Tangu miaka ya 1980 likaongezeka lingine, meno ya plastiki, au ya nailoni: uvimbe mweupe kwenye ufizi ambao huchokolewa kwa chuma chenye ncha, kwa madai kwamba ndio unaoleta homa na kuharisha. Kinachong'olewa pale ni chonge za mtoto ambazo hazijaota.

Umri wa kuanza chakula hauna utata. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kisha vyakula vingine huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Qurani nayo inataja miaka miwili kamili, kwa hiyo hapa msikiti na kliniki havina ugomvi. Asali isubiri mwaka wa kwanza upite. Chai ya rangi isiwepo, kwani hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kutoka kwenye chakula. Karanga nzima, zabibu nzima, korosho, vipande vya muwa na karoti mbichi vinaweza kumkaba. Mtoto anayekohoa kwa sauti aachwe akohoe. Aliyenyamaza ghafla na kubadilika rangi alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe kwa kiganja katikati ya mabega huku msaada ukitafutwa. Ndiyo maana mtoto haachwi ale peke yake: mtu mzima awe pale, mtoto awe amekaa, mikono yote imenawishwa.

Akikitema kiazi leo, apewe tena kesho. Baadhi ya watoto huonja chakula kimoja mara 8 au 10 kabla ya kukikubali.

Mtoto anayekataa uji lakini ananyonya, anacheza, anakojoa kama kawaida na uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki, mwekeeni boga mbele yake mkaendelea kula. Anayekataa hata ziwa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au aliyeshikwa na degedege, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, wala msipitie kwa mkata kimeo njiani.