Je, ni mvua iliyopandisha bei ya mafuta?

1/ Kwenye stage ya boda hapa Utange huu ubishi hauishi. Mmoja: "Mafuta ghali ni serikali." Mwengine: "Serikali yahusika vipi na mafuriko na vita?" Wote wana ukweli kidogo. Wacha nitenganishe.

2/ Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta 2013. Sasa meli zashusha Kipevu mafuta yaliyosafishwa tayari, yaliyonunuliwa kwa dola. Ndiyo maana janga la mbali latufikia. Kimbunga Katrina 2005 kilifunga viwanda vya mafuta Marekani, bei ikapanda dunia nzima.

3/ Mafuriko ya hapa ni tofauti. Tangu Desemba 2010 serikali huweka bei ya juu kabisa. Siku hizi EPRA hutangaza kila tarehe 14, kila mji na bei yake. Barabara ikikatika mafuta yaweza kuchelewa au kukosekana, lakini sheli hairuhusiwi kupita bei hiyo.

4/ Sasa angalieni tarehe. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Septemba petroli ikavuka shilingi 200. Maji yalikata barabara ya Kilifi–Malindi pale Mbogolo Novemba. Mvua ilikuta bei iko juu zamani.

5/ Lakini tuwe wa haki: ushuru haukuwa peke yake. Mwaka huo shilingi ilidhoofika na bei ya dunia pia ilipanda. Ila VAT ni asilimia, kwa hivyo mafuta yakipanda, ushuru nao wapanda juu yake.

6/ Na uhaba je? Aprili 2022 watu walipiga foleni na hakukuwa na mafuriko. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei, na kampuni za mafuta zilikuwa zaidai serikali pesa za ruzuku.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akilaumu mvua, au mwengine akiahidi kushusha bei, muulize matatu: bei ya kununulia ilikuwa ngapi? Dola je? Ushuru je?

8/ Mimi nina swali la nne. Wakati wa mvua ile boda ya kuingia ndani iliongezwa shilingi 20. Petroli ilirudi chini ya 200 mwaka 2024. Ile 20 yangu hadi leo haijarudi, na nauli ya boda EPRA haiitangazi. Kwenu imeshuka?